Yurea na Viumbe Wasioonekana Shambani

Wiki iliyopita niling'oa mashina mawili ya maharagwe katika kishamba changu huko Ruai, mashariki mwa Nairobi: moja mahali nilipotia mbolea ya yurea msimu huu, jingine mahali palipopata samadi kidogo tu. Mizizi ya lile la kwanza ilikuwa karibu mitupu, ilhali ya lile la pili ilijaa vinundu ambavyo, nilipovipasua kwa ukucha, vilikuwa vyekundu ndani, rangi inayoonyesha kwamba bakteria wa rizobia wananasa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea kama chakula.

Kuwalisha bakteria hao huugharimu mmea sukari nyingi, kwa hiyo ukiikuta naitrojeni tayari udongoni, hauwakaribishi tena. Kuvu wa mizizini, wanaouletea mmea fosforasi, nao mara nyingi hupungua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni asidi. Yurea, ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, hugeuka kwanza kuwa amonia, kisha bakteria wengine huibadilisha kuwa naitrati, na hatua hiyo huuachia udongo asidi; ikirudiwa msimu baada ya msimu bila samadi wala chokaa, aina nyingi za bakteria hupungua. Tena maji yakituama, wapo bakteria wanaoitumia naitrati badala ya oksijeni na kutoa naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto kupita kiasi kilekile cha kaboni dayoksaidi takriban mara 270 katika miaka 100.

Sijaiacha yurea, kwa maana mahindi yangu yanaihitaji. Ila kwenye maharagwe sitaitia tena, na sukuma wiki nitaipa kidogo kidogo pamoja na mboji.