Niliacha bugali, LDL ikapanda

Ndugu zangu wa Bukavu, miezi 3 sikugusa bugali, wali wala viazi. Nikapungua kilo 7, nikafurahi sana. Juzi nikapima damu: trigliseridi, aina ya mafuta ya kwenye damu, zimeshuka, HDL, ile kolesteroli nzuri, imepanda kidogo, lakini LDL, ile kolesteroli mbaya, imetoka 118 hadi 171. Nilisimama mlangoni pa maabara na ile karatasi mkononi, miguu ikakosa nguvu. Baba yangu alituacha kwa ugonjwa wa moyo.

Daktari akaniuliza, "Mama, mahali pa bugali uliweka nini?" Nikamwambia ukweli: nyama yenye mafuta, siagi, na sombe, yale majani ya muhogo, inayoelea mawese. Kumbe karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina ile inayoganda, na hayo hulifanya ini lichelewe kuondoa LDL kwenye damu. Wengine LDL yao haipandi hivyo. Yangu imepanda, na wewe uliyeacha bugali kapime tafadhali, usitazame mizani tu.

Maharage nimeyarudisha. Mawese ni kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Leo asubuhi nimenunua avoka na sambaza, wale samaki wadogo, pale sokoni Kadutu, wabichi kabisa, bado wanang'aa kama fedha. Baada ya majuma 8 napima tena.