Nimemtoa shemeji kwenye makaratasi ya kampuni

Mwezi uliopita nimemfukuza kazi shemeji yangu, kazi ambayo hakuwahi kulipwa hata senti na nadhani hata hakukumbuka kama anayo. Alikuwa ejenti wa kampuni yangu hapa Texas. Sio wakala wa M-Pesa jamani, ejenti aliyesajiliwa, yule wanayemwandika kwenye fomu siku unafungua LLC, yaani kampuni ambayo madeni yake hayakufuati wewe binafsi.

Nianze mwanzo. Niko Houston, nina kampuni ya lori, nasema kampuni lakini lori ni moja, dereva mimi, meneja mimi, mhasibu mama watoto akitoka shifti. Siku nafungua fomu ikauliza jina na anwani ya ejenti, mimi Jumatatu mpaka Ijumaa niko barabarani, shem (kaka yake mke wangu) wakati huo anafanya kazi usiku kwahiyo mchana wote yuko nyumbani kalala, nikaona huyu huyu. Nikampigia, akasema "shem andika tu, hilo nalo la kuuliza?" Jioni WhatsApp yake ikabadilika, kaandika yeye ni ejenti wa kampuni ya usafirishaji, na picha ya lori ambalo sio hata langu. Tukacheka, tukasahau.

Sasa ejenti ni nani hasa, maana wabongo wengi wenye LLC huku nikiwauliza wanasema "ni yule ninayemlipa kila mwaka sijui wa nini". Ni mtu au kampuni yenye anwani ya mtaa ndani ya jimbo hilo hilo, saa za kazi anapatikana, ili mtu akitaka kukushitaki karatasi za mahakama ziwe na pa kufikia. Basi. Sanduku la posta hawataki, sisi tuliokua na S.L.P. ya ofisini kwa baba, ukoo mzima unaitumia, hilo linatushangaza lakini ndo hivyo, lazima pawe na mlango wa kugonga na mtu wa kufungua. Unaweza kuwa ejenti mwenyewe kama unaishi Texas, ila LLC haiwezi kuwa ejenti wa nafsi yake. Na anwani hiyo iko wazi kwa umma, ndo maana ukishasajili tu unaanza kupata barua zenye picha ya ndege tai na mihuri kama za serikali zinakwambia ulipe dola mia na ushee upate "cheti", ukisoma vile vimaandishi vya chini kabisa unakuta sisi sio serikali. Usilipe hizo.

Basi bwana, shem akapata kazi Ohio. Akahama. Tulimfanyia pati na pilau, mimi mwenyewe nilimbebea sofa kwa lori langu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ejenti wa Texas anatakiwa awe mkazi wa Texas. Yaani nilimsafirisha ejenti wangu nje ya jimbo kwa mikono yangu.

Mwaka mmoja na kitu baadae nikagombana na gereji moja, walinitengenezea injini kwa dola 24,000, wiki tatu injini ikafa tena, nikagoma kumalizia hela. Wakaenda mahakamani. Yule mtu wa kupeleka karatasi akaenda kwenye apatimenti ya zamani ya shem, akagonga, akarudi tena akagonga, anayeishi pale sasa hamjui mtu. Sasa Texas ejenti wako akitafutwa kwa bidii asipatikane, sheria inasema Katibu wa Jimbo ndo anapokea kwa niaba yako (huku cheo hicho kwenye jimbo ni mtu wa makaratasi ya kampuni na uchaguzi, kule Washington jina hilo hilo ni waziri wa mambo ya nje, msichanganye). Yeye anakutumia kwa barua ya rejista kwenye anwani aliyonayo. Mimi nikakuta kile kikaratasi cha posta mlangoni siku ya Ijumaa usiku natoka Oklahoma, nusura nikitupe pamoja na vipeperushi vya pizza.

Kilichonitoa jasho ni kwamba saa ilishaanza kukimbia tangu karatasi zilipofika Austin kwa Katibu wa Jimbo, sio siku niliyosaini mimi. Kwenye kesi kama ile majibu yanatakiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya Jumatatu ya kwanza baada ya siku 20 kwisha. Usipojibu mwenzio anaweza kuomba hukumu na wewe haupo, na kutokuwepo kwenyewe kosa lako. Na LLC kwenye mahakama hizo haiwezi kujisemea, lazima wakili. Wakili tukampata, tukajibu zikiwa zimebaki siku nne, mwisho tumeelewana nalipa kidogo kidogo. Ya injini nitaandika siku nyingine, nikianza leo nitatukana.

Wakili ndo akaniambia badilisha ejenti leo leo. Nikadhani ni shughuli. Kumbe fomu namba 401, ada dola 15, unaingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Katibu wa Jimbo, unaweka jina la kampuni na namba yake, ejenti wa zamani, ejenti mpya na anwani yake, unasaini, na kadi wanakukata kaasilimia kao. Hawaulizi kwanini unamtoa. Saini ya anayetoka haitakiwi. Cha muhimu yule mpya awe amekubali kwa maandishi kabla hujamwandika, tangu 2010 sheria ya Texas inataka hivyo, ipo fomu yake 401-A, hiyo sio lazima uwapelekee, unakaa nayo kwenye faili. Mimi nilichukua kampuni ya ejenti, nikalipia, wakanitumia kukubali kwao, nikajaza. Dakika kumi na chai haijapoa.

Kuna jamaa yangu Dallas alifanya kinyume, alikasirishwa na bei ya ejenti wake akafuta kadi, akasema ntatafuta mwingine taratibu. Yule ejenti naye anaruhusiwa kujiuzulu, anapeleka fomu 402, siku ya 31 ameshatoka, na wewe hapo kwenye rekodi huna mtu, na jimbo linaweza kuifunga kampuni isiyo na ejenti. Mpya kwanza, uone imekubaliwa, ndo ukate ya zamani.

Halafu wenzangu wa malori, BOC-3 sio hii. Ile ni fomu ya FMCSA, wale wa serikali kuu wanaosimamia usalama wa malori, ni ya watu wa kupokea kesi kwenye majimbo unayopita, na anayeipeleka ni yule wakala wa BOC-3 mwenyewe sio wewe. Ukibadilisha ejenti wa Texas, BOC-3 haiguswi. IRS, watu wa kodi, nao hawajui habari hii, anwani yao ni kesi nyingine. Mimi nilidhani nikibofya pale kila kitu kinajirekebisha, wapi.

Sasa dakika kumi za fomu, wiki tatu za kumwambia shem. Sicheki. Mke wangu alisema "ukimtoa kaka kimya kimya akaja kusikia kwa watu, mimi simo." Na kweli, kwetu ukimtoa mtu jina kwenye karatasi watu wanasikia mali. Mama mkwe Tanga angeshaitisha kikao. Nikawa naandika meseji nafuta, naandika nafuta. Mwisho nikampigia Jumapili, nikamweleza yote, gereji, mahakama, na kwamba wewe shem uko Ohio, huna kosa, kosa langu.

Kimya kidogo. Halafu akacheka. "Shem, kwani mi bado nilikuwemo? Ah sasa ndo naelewa, kuna barua zako mbili zilinifuata huku kutoka anwani ya zamani, ziko kwenye dashibodi ya gari, nilikuwa nasubiri tukionana Idi nikupe."

Idi ilikuwa bado miezi minne. Nikamwambia azifungue anipigie picha. Moja ilikuwa ya wale matapeli wa cheti. Ya pili ya wakili wa gereji, ya miezi miwili kabla ya kesi, anauliza kama naweza kulipa nusu tuyamalize.

Nusu yenyewe ni chini ya ninayolipa sasa.