Swali la Wimbi Sambamba

Nilipowasilisha tasnifu yangu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dodoma, ilibidi tufunge madirisha ya ukumbi kwa sababu ya vumbi la kiangazi, tukavumilia joto. Mada yangu ilihusu mawimbi ya sumakuumeme ndani ya plazima ya kwanta iliyomo katika uga sumaku, yaani gesi ya elektroni na ioni iliyosongamana hadi kufuata kanuni za kwanta, fizikia ya chembe ndogo kabisa.

Nilianzia ionosfia, tabaka la juu la angahewa, ambako msongamano wa elektroni 10¹² kwa kila mita ya ujazo unaipa plazima masafa yake ya asili ya kutetemeka ya megahezi 9 hivi, na kwa hiyo huyarudisha duniani mawimbi mafupi ya redio. Ndani ya nyota kibete nyeupe, masalia mazito ya nyota iliyokufa, msongamano unapofikia 10³⁶, masafa hayo huangukia kwenye eksirei. Elektroni zikisongamana kiasi hicho, mawimbi yake ya de Broglie, yaani tabia ya wimbi iliyomo katika kila chembe, huingiliana, na ndiyo sababu milinganyo huongezewa vipengele viwili: kanieneo ya Fermi, msukumo wa elektroni zinazokataa kushiriki hali moja, pamoja na potenshali ya Bohm, athari ya tabia yao ya wimbi.

Profesa mmoja mzee, ambaye hadi hapo nilidhani amesinzia, akanyoosha kalamu.

“Binti, umeongeza kwanta, lakini wimbi lako linalokwenda sambamba na uga sumaku limetoka vilevile kama la zamani. Kwanta imekwenda wapi?”

Swali hilo nililipenda, maana ndilo lililobeba kazi yangu yote. Nikamjibu kwamba wimbi hilo huzizungusha elektroni kiubavu bila kuzibana, na kwa kuwa vipengele vyote viwili vya kwanta huzaliwa na badiliko la msongamano, hapo havina pa kushika. Wimbi linaloukingama uga sumaku, huku uga wake wa umeme nao ukiukingama, ni jingine: nguvu ya Lorentz, ile inayoipata chembe yenye chaji iendayo ndani ya uga sumaku, huzisukuma elektroni mbele na nyuma katika njia ya wimbi lenyewe, zikabanana na kuachana, na kwanta ikajitokeza.

“Haya, ifanye konstanti ya Planck, ile inayobeba kwanta, iwe sifuri,” akasema Profesa.

Nikafuta kipengele kimoja baada ya kingine ubaoni, ikabaki fomula ya plazima baridi, isiyo na kanieneo, ile ile itumikayo kwa ionosfia.

“Na spini, ule mzunguko wa asili wa elektroni?”

“Nimeiacha, Profesa. Ikiingizwa, hata wimbi sambamba litabadilika, kwa kuwa kila elektroni ni sumaku ndogo inayoitikia uga wa wimbi.”

Akaniagiza niyaandike hayo katika sura ya kwanza, wala si katika tanbihi, kisha akamwomba mwenyekiti aendelee na mtahini mwingine.