Karatasi Ndani ya Springi za Kiti

Jana ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, siku ambayo barabara ya Woodward, inayotoka katikati ya jiji la Detroit kuelekea mji wa Pontiac, hujaa magari ya zamani tangu asubuhi hadi usiku. Msafara huo ulianza mwaka 1995, nami nimeuhudhuria kila mwaka tangu nilipohamia Michigan. Safari hii nilikwenda bila Mzee, aliyefariki mwezi Februari. Ilipokaribia Plymouth Road Runner ya mwaka 1969 niliitambua kwa mngurumo kabla sijaiona, kwa maana injini yake ikiwa haijakanyagwa mafuta hutoa sauti nzito yenye kusitasita, kama mtu atwangaye kwa mchi mzito katika kinu kirefu. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama.

Mzee alikuwa jirani yangu. Alizaliwa Alabama, akaja kaskazini akiwa kijana kutafuta kazi, akaajiriwa katika kiwanda cha Lynch Road mjini Detroit, ambako Chrysler walikuwa wakiunganisha magari ya Plymouth na Dodge. Mimi nilimwita Mzee siku ya kwanza tuliposalimiana, kwa mazoea ya nyumbani, na nilipomweleza maana yake alikataa niache kumwita hivyo. Baba yangu alikuwa fundi wa malori Morogoro na mimi nimekua nikimshikia taa chini ya boneti, kwa hiyo Mzee aliponiona nikichungulia gereji yake alinipa taa bila kuniuliza kama naijua kazi hiyo.

Ndani ya gereji kulikuwa na Road Runner aliyoinunua ikiwa imechakaa, sakafu imetobolewa na kutu na viti vimeliwa na panya. Tuliifanyia kazi kwa miaka minne, Jumamosi na Jumapili, na katika miaka hiyo nilielewa kwa nini Wamarekani huyaita magari hayo magari ya misuli, na kwa nini watu wazima hulengwalenga na machozi wanapoyasimulia.

Wengi husema kwamba yote yalianza na Pontiac GTO ya mwaka 1964. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imeweka kanuni kwamba gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi mchemraba 330. Wahandisi wa Pontiac, chini ya John DeLorean, waliikwepa kanuni hiyo kwa kuiuza injini ya inchi 389, yaani karibu lita 6.4, kama nyongeza ya hiari kwenye gari la kawaida la Tempest. Walitumaini kuuza magari elfu chache, yakauzwa zaidi ya 32,000 katika mwaka huo wa kwanza. Ugunduzi wao ulikuwa rahisi mno: chukua injini ya gari kubwa, iweke katika bodi nyepesi zaidi, kisha umuuzie kijana dukani, likiwa na dhamana ya kiwanda, bila yeye kuhitaji fundi wa mashindano wala karakana yake mwenyewe.

Hata hivyo, kufikia mwaka 1967 magari hayo yalikuwa yamepambwa kupita kiasi na bei zimepanda. Hapo ndipo Plymouth walipokuja na wazo ambalo mimi naliona bora kuliko yote ya enzi ile. Road Runner ya mwaka 1968 ilivuliwa kila kisichohusika na mwendo. Kiti cha mbele kilikuwa benchi la kawaida na sakafu ilitandikwa mpira badala ya zulia. Fedha iliyookolewa iliwekwa kwenye injini ya inchi 383, ambayo vichwa vya silinda na kemshafti yake vilitokana na injini kubwa zaidi ya inchi 440, nayo ikapewa nguvu za farasi 335 na gia nne za mkono. Bei ilianzia chini ya dola 3,000. Plymouth waliwalipa Warner Bros., watengenezaji wa filamu, dola 50,000 ili watumie jina na picha ya Road Runner, ndege wa katuni, na honi ikatengenezwa ilie kama ndege huyo. Mwaka 1969 ziliuzwa zaidi ya 80,000. Mzee alikuwa akiniambia kwamba hilo lilikuwa gari ambalo mtu aliyelifunga kwa mikono yake angeweza kulinunua kwa mshahara wake, na alikuwa akilitamka jambo hilo polepole, kama mtu anayehesabu fedha.

Bamba dogo lililo nyuma ya kioo cha mbele alinifundisha kulisoma herufi kwa herufi. Namba yetu ilianza na RM23H9A. R ni familia ya Belvedere na Satellite, M ni daraja la bei, 23 ni bodi ya milango miwili isiyo na nguzo katikati, H ni injini ya 383, 9 ni mwaka 1969, na A ni kiwanda cha Lynch Road. Siku niliyoielewa A ile nilimtazama, naye akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusugua kabureta.

Rafiki zake walimshauri mara nyingi aitoe injini ya 383 na kuweka ile yenye nguvu zaidi iitwayo Hemi, ya inchi 426, au angalau abandike nembo za Hemi ubavuni, kwa sababu Hemi halisi zilikuwa chache na leo bei yake ni ya kutisha. Alikataa. Sipingi mtu kulibadilisha gari lake apendavyo, lakini kulivika gari jina ambalo kiwanda hakikulipa, kisha kulipeleka sokoni kwa jina hilo, naona ni kusema uongo juu ya kazi ya watu waliosimama kwenye mstari ule saa nane kwa siku.

Mwaka wa pili tulipoufungua mto wa kiti cha nyuma ndipo tulipoikuta karatasi. Kila gari lilisafiri kiwandani na karatasi za maelekezo, zikiwaeleza wafanyakazi rangi, gia, viti na kila kilichoagizwa, na baada ya kazi nyingi kati ya hizo zilitupwa au zikabaki zimekunjwa ndani ya springi za viti. Hazikukusudiwa kuonwa na mnunuzi. Yetu ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kuliwa pembe moja, lakini ilisomeka, na namba ililingana na bamba.

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwaka 1969 kazi yake ilikuwa kufunga viti.

Nilikuwa najua jinsi magari yale yalivyokwisha. Kampuni za bima zilipandisha malipo kwa vijana, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, General Motors wakapunguza mgandamizo wa injini zao mwaka 1971, na mafuta yalipoadimika kuanzia Oktoba 1973 hakuna aliyetaka lita sita tena. Kiwanda cha Lynch Road kiliacha kuunganisha magari mwaka 1981. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeyajua mambo hayo kama habari tu.

Pembeni mwa karatasi kulikuwa na alama ya kalamu ya nta, mstari mmoja mwekundu wa mshazari, wa aina ambayo mfanyakazi aliiweka kuonyesha kwamba sehemu yake imekamilika. Niliishiwa na subira, nikamuuliza kama ni yake. Aliisogeza karatasi kwenye taa niliyoishika, akaivua miwani na kuivaa tena, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hapana," alisema. "Yangu ilikuwa ikiinamia kushoto. Huyu alikuwa mtu wa zamu nyingine."

Kisha akaniomba nitafute bahasha safi.