Vikombe vya nyuma ya daftari

Leo asubuhi binti yangu ameangusha kikombe. Chai ya mchaichai ikatapakaa jikoni, nyingine ikaingia kwenye jiko la mkaa, na harufu ya sukari inayoungua ikapanda mpaka huku sebuleni. Mama mwingine angefoka, au angesema pole. Mimi nilitazama saa ya ukutani. Saa 12 na dakika 20. Ndipo nikakumbuka kumuuliza kama ameungua.

Hakuungua. Ila tangu hapo sijatulia, na nguo za watu ziko juu ya cherehani zinanitazama.

Sababu ni mdogo wangu. Alianza kuanguka kifafa akiwa kidato cha pili. Yaliyofuata ni yale yale ya kila nyumba: jirani mmoja kaja mbio na kijiko cha kumtia mdomoni, mwingine kakataza tusimguse akitoa povu, maalim kaandika kombe la aya kwa zafarani, tukamnywesha siku 7. Zahanati wakampa kabamazepini, dawa ya kifafa. Akameza kila siku, akaendelea kuanguka. Tukirudi kulalamika, dozi inaongezwa.

Nesi mmoja, Mungu amlipe, ndiye aliyetuandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu Dar es Salaam. Akasema: "Anayemwona akianguka ni nyinyi, siyo daktari. Andikeni. Ilianza saa ngapi, imechukua dakika ngapi, mkono upi ulitangulia, macho yalikwenda upande gani, alizinduka vipi. Mkifika kule na maneno ya 'anaangukaanguka tu' mtarudi kama mlivyokwenda."

Kazi ikaniangukia mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, najiona msomi. Hela ya daftari jipya haikuwepo, basi nikachukua kaunta buku ya Mama ya hesabu za vitumbua, nikaigeuza kichwa chini, nikaanzia upande wa pili. Nikapiga mistari kwa rula. Tarehe, saa, dakika, maelezo. Saa niliandika za Kizungu, kwa sababu niliona ndivyo madaktari wanavyotaka.

Mara ya kwanza kuandika, mkono wangu ulitetemeka kuliko wake. Mara ya sita nilikuwa nimesimama pembeni na saa ya marehemu baba, nahesabu, wengine wanamlaza ubavu. Dakika 2. Dakika 2 na nusu. Mama aliniuliza siku ile kama mimi ni ndugu yake au karani. Nikamjibu kwamba daktari anataka dakika.

Tukasafiri Agosti 2011, katikati ya Ramadhani, Tanga, Segera, Chalinze, Mama kafunga na hasemi na mtu.

Daktari alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nilimkabidhi daftari kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mahari. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akafunua wa pili.

"Hii 5.40 ni saa tano ya mchana, au saa kumi na moja ya alfajiri?"

"Alfajiri, dokta."

"Na hii 6.15?"

"Saa 12 na robo. Asubuhi."

"Zote asubuhi?"

Nikatazama mistari yangu mwenyewe. Miezi minne naandika na sikuwahi kuona. Zote zilikuwa asubuhi.

Akaendelea kufunua. Kurasa zangu zikaisha, zikaja nyeupe, naye hakusimama, akafunua tu, mpaka akafika kwenye mwandiko wa Mama uliokaa kichwa chini.

"Hapo siyo penyewe, dokta," nikasema, nikanyoosha mkono. "Hizo ni hesabu za vitumbua."

Akaligeuza daftari. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya jamaa yake: "Mchele kilo 5. Nazi 6. Hiliki. Kikombe kimoja, 700. Mikono ya mlenda."

Kimya.

"Mikono ya mlenda ni nani?"

Mama akajivuta khanga usoni. Kwetu chai ya wateja ilikuwa inatolewa barazani tangu alfajiri, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiipeleka. Kila kikombe alichokiangusha Mama alikiandika hasara, na jina la mwenye hasara lilikuwa hilo. Hata mimi nilikuwa namwita hivyo. Mwishowe Mama alimnunulia kikombe cha bati na kusema, "Hiki kivunje tukuone."

Daktari akatia kidole kimoja kwenye kurasa zangu, kingine kwenye kurasa za Mama, akawa anarudi huku na huku. "Tarehe 9 Juni, kikombe. Tarehe 9 Juni, kaanguka. Tarehe 21, vikombe viwili. Tarehe 21, kaanguka." Hakuwa anasema na sisi. Feni ya juu ilikuwa na mlio, tik, tik, na mimi nikajikuta naihesabu, ule ugonjwa wangu wa kuhesabu. Kisha akamgeukia mdogo wangu, ambaye tangu tuingie hakuna mtu aliyemuuliza lolote.

"Asubuhi mikono inakufanyaje?"

"Inaruka."

"Inaruka vipi?"

"Kama mtu kanishtua kwa nyuma. Hata mswaki unaruka. Halafu inaacha."

"Tangu lini?"

"Darasa la saba."

"Ulimwambia nani?"

Nilimtazama Mama, nikiwa na hakika jina litakalotajwa ni lake. Mdogo wangu aliangalia viatu vyake.

"Dada."

Sikumbuki. Nimeitafuta siku hiyo miaka yote hii na sijaiona. Yeye anasema ilikuwa bombani, tunachota maji, akaniambia mikono yake inajirukia yenyewe, nami nikamwambia huo ni usingizi, kanawe uso. Inawezekana. Hata maneno yenyewe yanafanana na yangu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Walimpaka dawa ya kunata kichwani wakamwekea nyaya, wakammulikia taa ya kumemeta, mashine ikachora mawimbi. Daktari akatueleza kwamba kile ni kifafa cha aina inayowaanza vijana, kina mishtuko ya asubuhi mtu akishaamka, na kinachokichokoza kuliko vyote ni kukosa usingizi. Sisi tulikuwa tunamwamsha saa 10 alfajiri kusaga mchele. Akasema pia kwamba dawa inayomfaa mgonjwa wa kifafa kingine inaweza kuichochea mishtuko ya namna hii, na hakusema neno baya juu ya waliotuandikia. Akampunguzia kabamazepini kidogo kidogo huku akimwanzisha dawa nyingine, valproeti. Akatuonya dawa isikatizwe ghafla.

Basi kijana akawa analala kwa amri ya daktari mpaka saa 1 asubuhi, na chai ya wateja nikapeleka mimi. Nisiseme uongo, wivu ulinishika. Vikombe vikaacha kuvunjika. Ameanguka mara moja tu tangu hapo, baada ya kukesha kwenye mpira, na alikiri mwenyewe.

Usiku tuliorudi kutoka Dar, Mama alikaa na kaunta buku karibu na kibatari. Alikuwa anakata mistari. Kikombe kimoja, mstari. Viwili, mstari. Vilikuwa 14, shilingi 9,800. Hakumwomba mtu radhi na hakuna aliyemwambia kitu. Akalifunga, akalala. Mimi sikuwa na cha kukata.

Nimemtumia mdogo wangu ujumbe leo: mpwa wako kaangusha kikombe, saa 12 na dakika 20. Akajibu na picha ya kile kikombe cha bati, rangi imebanduka mdomoni, kina chai. Chini yake kaandika: "Dada, watoto wanaangusha vikombe. Jana alilala saa ngapi?" Kisha, baada ya dakika kama mbili hivi: "Mnunulie cha bati."

Binti alikuwa bado anapangusa sakafu. Nikachuchumaa upande wa pili wa ile chai.

"Umewahi kuniambia kitu chochote kuhusu mikono yako?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa deni asilolijua.

"Kitu kama nini, mama?"