Sumukuvu ilivyoingia bwawani kwangu, na konzi moja iliyonidanganya

"Anika juani, ukungu ukifa basi imekwisha." Nimeambiwa maneno hayo na mfugaji mwenzangu, na muuza mashudu, na mzee mmoja mwenye mabwawa saba ambaye mpaka leo namwamkia kwa heshima zote. Wote watatu walinipoteza. Ukungu ni kiumbe, unakufa. Sumu yake, yaani sumukuvu, si kiumbe, haina cha kufa. Nyoka ukimponda kichwa baada ya kukuuma, sumu imeshapanda mguuni. Ndivyo lilivyo gunia la mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, likishaota ukungu. Hata moto wa kupikia hauiwezi, maana aflatoksini, ndiyo sumukuvu ninayoisimulia hapa, inataka joto la zaidi ya nyuzi 200 ndipo ianze kuvunjika vya kutosha.

Nafuga perege. Mwanzoni nilikuwa nanunua chakula kilichotengenezwa tayari, halafu nikajiona mchumi. Nikashika kalamu, nikaona unga wa samaki ndio unaonimaliza, nikaupunguza nusu na pengo lake nikaliziba kwa mashudu ya karanga na mahindi ya kusaga. Kwenye karatasi protini ilikaa sawasawa. Nikaanza kuwahubiria wenzangu. Niliokoa kama theluthi ya gharama ya chakula kila mwezi, na theluthi hiyo nimekuja kuilipa pamoja na riba.

Nilichokuwa sikijui ni safari ya karanga kabla haijawa mashudu. Punje nzuri huliwa na watu. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi huchambuliwa kando, na nyingi huishia kwenye kinu cha mafuta. Hizo ndizo zinazobeba sumu kuliko zote. Mafuta yakikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu haiendi nayo, inabaki kwenye mashudu. Na wala si habari mpya: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Jina aflatoksini limetokana na kuvu uliokutwa humo, Aspergillus flavus. Miaka hiyohiyo samaki aina ya trauti wa kufugwa Marekani walikutwa na uvimbe wa saratani kwenye ini, na safari hiyo mkosaji alikuwa mashudu ya pamba. Trauti hana uvumilivu kabisa na sumu hii. Perege ni mgumu zaidi, na ugumu wake ndio ulionichelewesha. Samaki mwepesi kufa angenishtua mapema.

Wangu hawakufa kwa mkupuo. Asubuhi hii mmoja, kesho kutwa wawili. Chakula kikawa kinaelea nusu saa bila kuguswa. Ukivuta wavu unakuta ndugu waliototolewa siku moja, huyu kiganja kizima, yule vidole viwili. Nikalaumu maji, kwa sababu kila mfugaji hulaumu maji. Nikabadilisha nusu ya bwawa. Nikatia chokaa. Nikatia chumvi. Nikauziwa dawa ya unga wa njano iliyonuka kama soksi, nikaitia kwa kipimo cha muuzaji, kisha, kwa kipaji changu mwenyewe, nikaongeza kidogo. Samaki wakaacha kula kabisa kwa siku mbili. Pesa ya dawa ile ingenunua magunia mawili ya chakula cha maana.

Siku niliyompasua mmoja ndipo akili ilipofunguka kidogo. Matamvua, ambayo hutakiwa kuwa mekundu ya damu, yalikuwa yamefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara mia. Chini ya ngozi kulikuwa na madoa ya damu iliyovilia, na ini lilikuwa la manjano, linapondeka kwa kidole. Ini la manjano peke yake lisikutie wazimu, samaki aliyenenepa kwa chakula chenye mafuta naye huwa nalo. Mimi niliangalia yote matatu kwa pamoja, nikageuka kulitazama ghala.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilichota konzi moja ya mashudu juu ya gunia lililokuwa wazi, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaipeleka maabara. Majibu yakaja: aflatoksini mikrogramu 4 kwa kilo. Safi! Nikatembea kifua mbele. Nikawalisha samaki gunia lilelile kwa wiki tatu zaidi, tena kwa moyo mweupe.

Katikati ya wiki hizo nikanunua tochi ya mwanga wa urujuanimno, kwa kuwa kuna mtu aliapa kwamba sumu huwaka kijani gizani. Nilijifungia ghalani usiku. Shati langu likawaka, sabuni hiyo. Kucha zikawaka. Punje chache za mahindi zikawaka kijani-manjano, nikazitenga moja moja kwa kibano kama sonara, nikajaza kikombe, nikatoka nikiwa nimeokoa ukoo mzima wa perege. Baadaye dada wa maabara alicheka mpaka akavua miwani. Alinieleza kwamba kinachowaka ni alama ya asidi fulani inayotengenezwa na kuvu wa jamii hiyo, si aflatoksini yenyewe. Punje inayowaka inaweza isiwe na sumu ya maana, na isiyowaka ikawa imejaa. Tochi inakwambia "hapa pachunguzwe", basi. Hivi sasa naitumia kutafutia funguo.

Nilirudi kwake kwa sababu vifo havikukoma. Akalitazama jina langu kwenye daftari.

"Kaka, ile ya kwanza uliichota wapi?"

"Juu ya gunia."

"Gunia lipi?"

"Lile lililokuwa wazi."

"Una magunia mangapi?"

"Kumi na nne."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema sumukuvu haitandai kama chumvi kwenye mchuzi, inakaa kwa vichaka: maelfu ya punje safi, halafu punje moja inayotosha kuharibu kilo nzima. Konzi yangu ilikuwa imepita katikati ya vichaka.

Hapa naomba nijisifu. Bambo la kupimia nafaka sikuwa nalo, nikalitengeneza kwa kipande cha bomba la chuma urefu wa mkono, nikalikata ncha mshazari na kulichimba mfereji ubavuni. Ukilichoma gunia huku mfereji umetazama chini, kisha ukaligeuza ndani na kulitikisa, linatoka na mstari mzima wa kilichomo. Nilichoma magunia yote kumi na nne, kila moja juu, katikati na chini, hasa pembe za chini zilizokuwa zimegusa sakafu. Nikamwaga kila kitu kwenye turubai, nikachanganya kwa koleo, nikafanya chungu, nikakigawa manne, nikatupa robo mbili zinazokabiliana, nikachanganya tena zilizobaki, nikagawa tena, mpaka ikabaki kilo mbili hivi. Maabara wakazisaga zote ndipo wakachota ya kupima. Kusaga kwanza ni lazima, ukimpa mpimaji punje nzima umerudi kwenye konzi.

Majibu ya pili: mikrogramu 190. Umoja wa Ulaya huruhusu 10 tu za aflatoksini B1, aina kali kuliko zote za sumu hiyo, kwenye chakula kamili cha samaki.

Mzee wa mabwawa saba akaja na ushauri wake wa pili: "Mwanangu, changanya na mashudu safi, makali yatapungua." Nilimwitikia "sawa, mzee" na sikufanya. Wenzetu wa Ulaya wameupiga marufuku mchanganyo huo kisheria, na sababu inaeleweka: unageuza magunia mabaya matano kuwa mabaya ishirini. Jirani mwingine akayaomba kwa ajili ya ng'ombe wake wa maziwa. Nilimkatalia kwa ukali hadi akanuna, kwa maana ng'ombe akila B1 huigeuza kuwa M1, aina nyingine ya sumu hiyohiyo, na kuitoa kwenye maziwa, ambayo mtoto atayanywa. Nilichimba shimo mbali na kuku, nikafukia.

Samaki waliobaki sikuwauza haraka. Sumu hii hukaa zaidi kwenye ini na matumbo kuliko kwenye mnofu, na hupungua samaki akirudishiwa chakula safi, lakini ni sumu iliyothibitishwa kusababisha saratani ya ini kwa binadamu, kwa hiyo sikutaka kumkisia mlaji. Niliwalisha chakula cha kununua wiki kadhaa, nikapeleka minofu ikapimwa, haikuonekana kitu. Hata hivyo wote niliwauza wakiwa wametolewa matumbo. Ukiamua kuokoa kwenye kipimo hicho, afadhali uokoe kwenye viatu.

Ghala nalo lilikuwa na dhambi zake. Magunia yalilala sakafuni, yameegemea ukuta unaotoa jasho. Sasa yako juu ya chaga na mkono unapita kati yake na ukuta. Mahindi nayapima kwa chupa: chupa kavu, chumvi kavu vijiko viwili, mahindi hadi theluthi, unatikisa kwa nguvu dakika chache na kuyaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda bado usifurahi, maana ghalani yanatakiwa asilimia 13 au chini yake. Mimi huongeza siku ya kuanika. Mashudu usiyapime hivyo, unga wake unashika kioo wenyewe.

Siku hizi natia pia udongo wa bentonaiti kwenye mchanganyo. Unaikamata aflatoksini tumboni mwa samaki kabla haijaingia kwenye damu. Kwa sumu nyingine za mahindi, kama fumonisini, hauna msaada mkubwa, na hauligeuzi gunia baya kuwa zuri. Aliyeniuzia mkaa wa kusaga kwa kazi hiyohiyo hakunitajia kwamba mkaa hunasa na vitamini.

Juzi mzee amekuja kibarazani, amezunguka maneno, amesifu mvua, amesifu perege wangu. Mwishoni akauliza kama lile bomba langu la kuchomea magunia liko karibu. Nikampa. Sijalirudishiwa, na nimesikia anawaonyesha watu namna ya kuligeuza.