Daftari la oda nalifunga tarehe 10

Tarehe 23 Desemba mwaka jana nilimfokea binti anayejifunza ushonaji kwangu mpaka mkasi ukamponyoka. Alikuwa amepachika mkono wa kulia upande wa kushoto. Kufumua na kurudishia ni kazi ya dakika ishirini, lakini nilivyomshukia ungedhani kaniunguzia nyumba. Hakujibu. Aliokota mkasi, akakaa kwenye stuli yake, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja huku machozi yakidondokea kitenge cha watu. Nami nikaendelea kukanyaga cherehani kana kwamba sioni.

Nashona Manzese. Desemba ndiyo mavuno yetu mafundi, na kwangu ndio mwezi wa kugombana. Siku ile niliamka saa kumi alfajiri, tumboni chai ya rangi na nusu andazi. Joto la kaskazi mnalijua, na mimi niko chini ya bati. Umeme ulikatika tangu saa nne, feni kimya, pasi ya baridi. Nguo kumi na tisa zilikuwa hazijaisha. Mteja mmoja alishapiga simu mara tano: alfajiri anapanda basi Mbezi Luis kwenda Moshi na nguo za wanawe watatu hazina vifungo. Kichwani, ada ya Januari.

Usiku sikulala. Yule mteja aliniletea kitambaa tarehe 20, nami nikamwambia, "Sawa dada, usijali." Wote niliwaambia sawa. Anayenilipa nilimchekea, hasira nikamtwisha mtoto wa watu ambaye hana pa kwenda kuisemea. Hilo ndilo lililoniuma.

Asubuhi nikamwambia, "Mwanangu, jana nilikukosea. Nisamehe."

"Yameisha, mama."

Hayakuwa yameisha. Mpaka Februari alikuwa hakati kitambaa bila kuniuliza mara mbili, na akiuliza anatazama chaki, hanitazami mimi.

Mwaka huu daftari la oda nimelifunga tarehe 10, kesho yake baada ya Uhuru. Atakayekuja baada ya hapo namwelekeza kwa fundi mwingine. Pesa nimepoteza, sitawaficha, na inauma hasa ukimwona mteja wako wa miaka anavuka barabara na mfuko wake wa vitambaa. Ada nilianza kuidunduliza Julai kwenye kikoba. Saa saba mchana tunasimamisha kazi, tunakula wali maharage kwa mama ntilie, benchi moja, mimi na binti. Nimegundua ugomvi wangu mwingi ulikuwa na njaa ndani yake.

Na hasira yangu nimejifunza kuiona inakuja. Inaanzia kwenye taya, kisha mguu unakanyaga pedali kwa nguvu mpaka uzi unakatika. Uzi ukikatika mara ya pili, naondoa mguu. Natoka nje, nanawa uso, nakunywa maji, nasimama pale kivulini. Moyo ulioanza kwenda mbio hautulii kwa kuambiwa tulia, unataka dakika zake. Mteja akiniuliza naenda wapi, namjibu narudi sasa hivi.

Juzi binti alinifuata hapo hapo kivulini, gauni mkononi.

"Mama, nimekosea kola."

Nilikuwa sijaiona. Tukaketi, yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukafumua.